Picha ya Mtu Apigaye Mbio

Jioni hii twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni jinsi ya kumpiga picha mtu aendaye kwa kasi, awe mkimbiaji, mcheza mpira au mcheza ngoma, hata picha yake ikatoka safi bila ukungu. Sisi si wapiga picha wa kazi. Kazi yetu ni kuwafunza vijana watakaokuwa walimu. Lakini somo hili tulifundishwa na aibu, na mtu aliyefundishwa na aibu hasahau upesi.

Mwaka mmoja, siku ya michezo chuoni kwetu, tulipewa kazi ya kupiga picha. Alikuwapo kijana mmoja aliyewashinda wenziwe wote katika mbio za mita 100. Mama yake alikaa mbali, wala hakuweza kuja, kwa kuwa alikuwa akiuguza mgonjwa nyumbani. Tukamwahidi yule kijana kwamba mama yake ataiona mbio ile katika picha, kana kwamba alikuwapo. Tukasimama kando ya njia, karibu na mstari wa mwisho, na kijana alipopita mbele yetu tukapiga.

Picha zilipoletwa, tulitafuta ile kabla ya nyingine zote. Nguzo ya mstari wa mwisho ilikuwa imetoka safi, hata vichwa vya misumari vilionekana. Majani nyuma yake yalihesabika moja moja. Lakini mahali pa kijana palikuwa na kitu kama moshi wenye miguu. Mwisho wa muhula mama yake alikuja, akaitaka ile picha. Akaitazama kitambo, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, nguzo imetoka vizuri sana." Hakusema neno jingine. Upole ule ulituchoma kuliko lawama. Kijana alimaliza masomo mwaka ule ule, wala hatukupata tena nafasi ya kumpiga picha akikimbia.

Basi, tuulize kwanza: ule moshi ulitoka wapi? Ndani ya kamera mna kilango kidogo. Mpiga picha abonyezapo, kilango hufunguka, nuru ikaingia, kisha hufungwa tena. Muda wote kilango kiwapo wazi, kamera yaendelea kuandika kila inachokiona. Ikiwa mtu ametulia, nuru yake huanguka mahali pamoja, na picha huwa safi. Ikiwa anakwenda, nuru yake hutambaa toka mahali hata mahali, kama wino ulioguswa na mkono kabla haujakauka.

Jambo hili ni la tangu mwanzo wa upigaji picha. Mwaka 1838, huko Paris katika Ufaransa, bwana Louis Daguerre alipiga picha ya barabara kubwa iitwayo Boulevard du Temple. Siku zile kilango kilikaa wazi kwa dakika kadhaa. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha yaonekana tupu, kwa maana waliopita hawakukaa mahali pamoja kiasi cha kuandikwa. Mtu mmoja tu alionekana wazi, naye ni yule aliyesimama pembeni, mguu wake mmoja ameuinua, akisafishwa viatu. Aliyetulia aliandikwa, waliokuwa na haraka walipotea.

Siku hizi kilango hakikai wazi kwa dakika, bali kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hata hivyo sehemu ndogo kwetu si ndogo kwa mkimbiaji. Natupige hesabu, nanyi wanafunzi mwaweza kuiandika. Kijana amalizaye mita 100 kwa sekunde 12 na nusu aenda mita 8 kwa kila sekunde. Siku ile kamera yetu ilikuwa imewekwa sehemu moja ya 40 ya sekunde. Gawanya mita 8 kwa 40, utapata sentimita 20, ndiyo kama shibiri moja. Yaani, toka kilango kufunguka mpaka kufungwa, uso wa kijana ulisogea shibiri moja, nao uso wenyewe haufiki upana huo. Ingekuwa ajabu kama tungeupata. Lakini kama tungeweka sehemu moja ya 500, angesogea sentimita 1 na nusu na kidogo, kama upana wa kidole. Na kwa sehemu moja ya 1,000, nusu ya kidole.

Kabla hatujaeleza dawa, yafaa kutenganisha maradhi mawili yanayofanana. Ukiona picha yote ina ukungu, watu na miti na nyumba pamoja, kosa ni la mkono wako uliotikisika. Ukiona miti ni safi na mtu peke yake ana ukungu, kosa ni la mwendo wake. Dawa ya mkono ni kubana viwiko mbavuni, kuegemea mti au ukuta, kuzuia pumzi kidogo, na kubonyeza taratibu pasipo kushtua kamera. Tena, kabla ya yote, futa kioo cha mbele kwa kitambaa laini kikavu. Watu wengi huilaumu kamera, kumbe wamekipaka kioo mafuta ya vidole vyao.

Sasa twaja kwenye dawa za mwendo. Ziko nne, na kati ya hizo ni moja tu iliyo ya kamera. Tatu nyingine ni za mtu mwenyewe, wala haziuzwi dukani.

Dawa ya kwanza ni kukifanya kilango kifunguke kwa muda mfupi zaidi. Lakini kila kitu kina bei yake, na bei ya dawa hii ni nuru. Toka sehemu moja ya 40 hata sehemu moja ya 500, nuru iingiayo hupungua zaidi ya mara 12. Usipoirudishia kamera nuru hiyo, picha itakuwa giza. Waweza kuirudisha kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza jua: panga mbio zako zipigwe picha penye mwanga kamili, si chini ya mwembe. Ya pili ni kulipanua tundu la kioo, nawe ukumbuke kwamba namba zake huenda kinyume: tundu la namba 4 ni pana kuliko tundu la namba 8. Ya tatu ni kutumia filamu iliyo nyepesi kupokea nuru, au katika kamera zisizo na filamu, kuongeza kipimo chake cha kupokea nuru. Ila ukizidisha, picha itakuwa na chembechembe kama mchanga. Kwa mfano, katika jua kali, kwa kipimo cha 100 na tundu la namba 8, kilango chaweza kuwekwa karibu na sehemu moja ya 400 ya sekunde. Kwa mbio za shule hiyo yatosha sana. Nanyi chagueni saa tatu au saa nne asubuhi, au saa kumi alasiri, kwa kuwa jua la saa sita hutia kivuli cheusi machoni pa watu.

Thamani ya nuru waliijua vema wale waliotutangulia. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alipiga picha za farasi akienda mbio, kwa ajili ya tajiri mmoja, Leland Stanford, aliyefuga farasi. Watu walikuwa wakibishana kama farasi akimbiapo huinua miguu yote minne kwa mara moja. Muybridge alipanga kamera 12 kwa safu, akatandaza nyuzi katika njia ya farasi, na kila uzi ulipoguswa kamera moja ilifunguka. Upande wa pili wa njia alisimamisha pazia jeupe, ili nuru izidi na umbo la farasi lionekane. Picha zilionyesha kwamba kweli miguu yote minne huachana na ardhi, lakini wakati ule ikiwa imekusanyika chini ya tumbo, si imenyoshwa mbele na nyuma kama wachoraji wengi walivyozoea kuichora. Jicho la mtu lilidanganyika kwa miaka mingi, na picha isiyo na ukungu ikatoa hukumu.

Kamera zilizomo katika simu za mkononi mara nyingi huchagua muda wa kilango zenyewe. Penye jua huchagua muda mfupi. Ndani ya nyumba au jioni huchagua muda mrefu, na ndipo ukungu uingiapo. Basi mwenye simu, akitaka picha ya mtoto achezaye, amtoe nje kwanza. Simu nyingi pia huweza kupiga picha nyingi mfululizo, nawe huchagua iliyo njema. Jambo hilo lafaa, lakini picha 20 zilizopigwa mahali pabaya zote zitakuwa mbaya.

Dawa ya pili, basi, ni kuchagua mahali pa kusimama, nayo ndiyo dawa tuliyoikosa siku ile. Tulisimama kando, mkimbiaji akatupita toka kushoto kwenda kulia, na mwendo wake wote ukaonekana. Laiti tungalisimama mbele yake, ng'ambo ya mstari wa mwisho, yeye akitujia! Mtu akujiaye hahami sana mbele ya kioo. Huongezeka ukubwa tu. Akiwa umbali wa mita 10, akikukaribia ile shibiri moja, ukubwa wake katika picha huongezeka sehemu 2 tu katika 100. Uso wake ni kama umesogea milimita 3 badala ya sentimita 20. Kamera ni ile ile, jua ni lile lile, kilango ni kile kile. Aliyehama ni mpiga picha. Mikono na miguu yaweza kuwa na ukungu kidogo, lakini uso utapata. Na kama huna ruhusa ya kusimama mbele kabisa, simama kwa mshazari. Hata hapo utapunguza madhara. Kadhalika, ukirudi nyuma, umbali ukawa mara mbili, mwendo uonekanao katika picha huwa nusu. Walio chini ya kimo chako uwapige picha kwa kupiga goti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka uso wa mtoto kadhalika.

Dawa ya tatu ni kuchagua wakati. Katika dunia hii karibu kila mwendo wa mtu una mahali pake pa kupumzika. Mtazameni mama atwangaye: mchi ukifika juu, husimama kidogo kabla haujashuka. Mtazameni mkulima: jembe likifika juu ya bega, latulia. Mtoto katika bembea hutulia kila afikapo mwisho wa safari yake, mbele na nyuma. Mlinda lango arukaye kuudaka mpira, akifika juu kabisa, hapandi tena wala hajaanza kushuka.

Tuchukue mfano wa vijana wa Kimasai warukapo katika ngoma yao. Katika sentimita 5 za mwisho za kupanda na 5 za kwanza za kushuka, kijana hukaa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukibonyeza hapo hapo kileleni, hata kamera ya sehemu moja ya 50 itampata safi, kwa maana katika muda huo hatasogea hata milimita moja. Lakini ukibonyeza anapoondoka ardhini au anapoangukia, hapo ndipo kasi yake ilipo kubwa, nawe utapata moshi. Hata mkimbiaji ana sehemu iliyotulia: mguu ukanyagao ardhi husimama kwa kitambo, hali mguu wa pili watupwa mbele kwa kasi kuliko mwili wenyewe. Ndiyo maana katika picha nyingi kiatu kimoja ni safi na cha pili ni ukungu.

Hapa tahadhari. Jicho likiona jambo, kidole hakitii mara moja. Hupita kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo mkimbiaji wetu amekwisha kwenda zaidi ya mita moja na nusu. Kwa hiyo usingoje kuona ndipo ubonyeze; bonyeza kabla kidogo. Chagua mahali, weka alama ya chokaa au jiwe, elekeza kamera na kuipima umbali wa jiwe lile, kisha subiri mkimbiaji alifikie. Katika ngoma, sikiliza ngoma kwanza. Mpigaji ngoma humwambia mchezaji lini aruke, naye atakuambia nawe pia.

Dawa ya nne ni kumfuata mtu kwa kamera. Waswahili husema, fuata nyuki ule asali. Kama huna budi kusimama kando, usiishike kamera imara kama ukuta. Simama, nyayo zako zimeelekea mahali unapotaka kumpiga, kisha uzungushe kiuno umpokee angali mbali, umshike katikati ya kioo, uende naye kwa mwendo wake, ubonyeze bila kusimama, na baada ya kubonyeza uendelee kumfuata, kama kijana amfuataye ndege kwa manati. Hapo mtu huwa safi, na miti ya nyuma ndiyo itakayokuwa mistari ya ukungu. Nanyi mtashangaa, maana picha ya namna hii huonyesha mbio kuliko picha iliyoganda yote. Anzeni na mwenye baisikeli, kwa kuwa mwili wake hautikisiki sana. Mkimbiaji ni mgumu zaidi, nanyi mtaharibu picha nyingi kabla ya kupata moja.

Akili hiyo hiyo ya kufuata ndiyo iliyotumika katika kamera za kuamulia mashindano. Katika michezo ya Olimpiki ya London, mwaka 1948, mbio za mita 100 zilimalizwa na watu waliokaribiana sana. Barney Ewell wa Marekani alivuka mstari akafurahi mno, akidhani ameshinda. Lakini picha ilionyesha kwamba aliyetangulia ni mwenzake wa Marekani, Harrison Dillard. Kamera za namna ile huutazama mstari wa mwisho kupitia ufa mwembamba, na filamu hupita nyuma ya ufa bila kusimama, kwa kadiri ya mwendo wa wakimbiaji wenyewe. Mtu mmoja alipewa haki yake, na mwingine akaepushwa na heshima isiyo yake. Picha yenye moshi isingeweza kufanya hivyo.

Limebaki neno juu ya giza. Ngoma nyingi huchezwa usiku, wala hakuna jua la kuomba. Hapo hutumika taa ya mmweko. Mmweko ni mfupi mno, mara nyingi mfupi kuliko sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, na katika giza ni huo unaoandika picha, si kilango. Mwaka 1851 Mwingereza William Henry Fox Talbot alibandika ukurasa wa gazeti katika gurudumu, akalizungusha kwa kasi gizani, akalimulika kwa cheche moja ya umeme. Katika picha maandiko yakatoka wazi. Lakini mmweko haufiki mbali, nao huwashtua watu. Mwenye adabu huomba ruhusa kwanza.

Wala msidhani kila ukungu ni adui. Mikono ya mpiga ngoma ikitoka na ukungu kidogo, na uso wake ukawa safi, mtazamaji husikia ngoma ile. Kanuni yetu ni hii: uso uwe safi; mengineyo yaweza kusamehewa.

Mwaka uliofuata, siku ya michezo, hatukuwa na kamera mpya. Tulihama tu. Tulikwenda ng'ambo ya mstari wa mwisho, jua likiwa nyuma yetu, tukapiga goti, tukaitazama alama ya chokaa. Msichana mmoja alitujia mbio, kinywa wazi, utepe ukimgusa kifuani. Picha yake ilitoka, na baba yake aliitundika nyumbani kwake. Tulifurahi, lakini ile picha ya nguzo tungali nayo katika daftari, na kila mwaka twawaonyesha wanafunzi wetu. Huwaambia: siku ile kamera haikukosa kitu, wala jua halikukosa. Tulikosa kufikiri mahali pa kusimama, na mama mmoja akarudi kwake bila uso wa mwanawe.

Basi kesho, mkiwa na kamera, waiteni watoto warukao kamba. Pigeni mmoja akiwa juu, mmoja akishuka, mmoja akiwajia mbio, na mmoja akiwapita. Kisha mzilinganishe picha nne hizo. Zitawafunza kuliko maneno yetu ya jioni hii.